Mhusika mkubwa akishindwa kuitikisa meza: dalili, vyanzo na tiba

Unaendesha mchezo wa kuigiza wa mezani: kila mchezaji anaongoza mhusika wake, wewe unasimulia na kuwachezesha wengine wote, na kete ndizo zinazoamua. Mhusika wako mkubwa umemwandaa kwa wiki tatu. Umempa upanga, jeshi, historia na sauti yake mwenyewe. Siku ya siku anajitokeza mbele ya wachezaji, na dakika kumi baadaye amelala chini, au anachekwa, au kikundi kizima kimekufa na hakuna mezani anayeelewa kimetokea nini. Mwongozo huu ni wa mwendeshaji aliyefikwa na mojawapo ya hayo na anataka kujua atengeneze wapi.

Ninaposema mhusika mkubwa nina maana ya mtu au kiumbe yeyote anayechezeshwa na mwendeshaji huku nguvu zake zikizidi za kikundi cha wachezaji: mfalme, joka, jemadari, jini, mchawi mkuu, au hata mlezi wao anayewapenda. Katika meza nilizoendesha, hitilafu za wahusika hawa zina sura nyingi lakini mzizi nimeukuta mmoja mara nyingi mno: mwendeshaji aliandika yote ambayo mhusika anaweza, akasahau kuandika asiyoyaweza. Nguvu isiyo na mpaka haina pa kuishika. Wachezaji hawajui waipinge vipi, na mwendeshaji naye hajui aitumie lini.

Kabla ya kutafuta dalili, jibu maswali matatu kuhusu kikao kilichoharibika, na uyajibu kwa maandishi. Mhusika alipata zamu ngapi kabla pambano halijaamuliwa? Wachezaji walikuwa wanajua nini juu yake kabla ya kumwona? Na kama wasingefika kabisa siku ile, angekuwa anafanya nini? Swali la tatu ndilo linaloumbua. Jibu likiwa "angekuwa amekaa akiwasubiri", tatizo lilianza kabla ya kete kurushwa. Halafu tumia tiba moja kwa wakati. Ukibadilisha mambo manne kwa mpigo, kikao kijacho kikienda vizuri hutajua kilichoponya.

Dalili: anakufa kabla hajamaliza sentensi

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo waendeshaji wanapovunjika moyo zaidi.

Mchukue lichi, yule mchawi aliyekataa kufa, kama alivyoandikwa katika toleo la tano la Dungeons & Dragons la mwaka 2014. Kiwango chake cha ugumu ni 21, na ukikisoma unatetemeka. Lakini pointi zake za uhai, ambazo zikiisha anaanguka, ni 135, na kinga yake, yaani namba ambayo mpigaji lazima aifikie kwa kete na nyongeza zake, ni 17. Tuseme mbele yake kuna wachezaji watano wa ngazi za juu, kila mmoja akiondoa wastani wa pointi 25 kwa zamu. Hizo ni 125 kwa raundi moja, yaani kila mtu akishapata zamu yake. Raundi ya pili inaanza akiwa na pointi 10. Hakuna aliyecheza vibaya, si wewe wala wao. Hesabu ndiyo iliyomuua.

Chanzo cha kwanza, basi, ni zamu. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mhusika mwenye zamu moja akizungukwa na watu watano wenye zamu tano atakuwa nyuma hata pigo lake likiwa zito kuliko yao yote. Waliotunga mchezo ule walilijua hilo. Ndiyo maana lichi huyohuyo ana vitendo vitatu vya ziada, vya kigwiji, kila raundi, anavyovitumia mwishoni mwa zamu za wengine, na mara tatu kwa siku anaweza kuamua kwamba kete ya kujinusuru, ile anayotupa kuepuka uchawi au madhara, imefaulu ingawa imeshindwa; huo ndio ukinzani wa kigwiji. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ni mwepesi: je, vitendo hivyo ulivitumia? Nimekaa kama mchezaji kwenye meza ambako joka kubwa lilikufa bila kugusa hata kimoja, kwa sababu mwendeshaji alikuwa anahesabu pointi za uhai kwa mkono mmoja na kufunua kitabu kwa mwingine. Weka vipande vitatu vya karatasi mbele yako, uvisukume mezani kimoja kimoja kila unapotumia kitendo. Macho yatakukumbusha pale akili inapozidiwa.

Chanzo cha pili ni kete moja inayomaliza kila kitu. Mchezaji anatupa uchawi wa kuganzisha, mhusika wako anashindwa kujinusuru, na yaliyobaki si pambano tena bali uchinjaji. Kama mchezo wako hauna ukinzani wa kigwiji, usimfanye mhusika asidhurike na uchawi ule. Mwache adhurike kwa gharama. Anaweza kuvunja ganzi kwa kupoteza robo ya pointi zake za uhai, au kwa kuvunja kitu anachokipenda: pete, fimbo, mkono wa mtumishi wake. Mchezaji aliyetupa uchawi wake wa thamani ataona umefanya kazi, na mhusika ataendelea kusimama. Jambo la msingi ni kwamba bidii ya mchezaji isiishie hewani.

Chanzo cha tatu hakimo chumbani mwa mapigano kabisa. Wachezaji wamefika wamelala usingizi mzuri, uchawi wao wote wanao. Kitabu cha mwendeshaji cha toleo lile la 2014 kinakadiria kwamba kikundi kinaweza kuhimili mapambano sita hadi nane ya ugumu wa kati au mkubwa katika siku moja ya mchezo. Meza nyingi nilizoziona zinakuwa na pambano moja kwa siku, la pili likizidi sana. Ukimpima mhusika wako kwa kipimo cha kitabu halafu ukawaletea watu ambao hawajatumia kitu, umempima kwa mizani isiyo yake. Tiba ni ama mlango wake uwe na gharama ya kuufikia, ama ukubali kwamba kikundi chako hufika kimeshiba nguvu na umpange ukijua hivyo.

Chanzo cha nne ni mahali. Mfalme kitini, katikati ya ukumbi mtupu, huyo ni shabaha.

Nieleze hili kwa mfano mmoja kwa ukaribu. Nilikuwa na mhusika niliyemwita Liwali wa Ngome ya Chumvi. Mara ya kwanza nilimkalisha ukumbini, upanga mapajani. Mpiga mishale akatupa kete ya pande 20 ikaangukia 20, mchawi akamganzisha, wengine watatu wakammaliza. Hakuwahi kuinuka kwenye kiti. Kikundi kilifurahi kwa dakika moja, kisha mmoja akauliza, "Ndiye huyuhuyu?" Swali lile lilinikaa.

Miezi kadhaa baadaye nikamrudisha kwa kikundi kingine. Pointi za uhai sikumwongezea hata moja. Nilimpa zamu tatu katika mpangilio wa raundi, ambao huhesabiwa kutoka namba kubwa kushuka hadi ndogo: namba 20, namba 13 na namba 6. Kwenye 20 anapiga kwa upanga. Kwenye 13 hapigi, anaamuru tu: mlinzi asogee, au mateka, mtoto mdogo, asukumwe kuelekea kisimani. Kwenye 6 ukumbi wenyewe unatenda, nguzo moja ya chumvi inapasuka na kuanguka. Kuanguka huko hakukuwa kwa kushtukiza. Raundi iliyotangulia nilikuwa nimeshasema, "Nguzo ya kushoto imeanza kutoa vumbi." Pambano lilichukua raundi nne. Katika raundi ya pili, mchezaji mwenye mapigo mazito kuliko wote aliacha kumpiga Liwali akakimbilia kisimani kumdaka mtoto. Hakuna pointi ya uhai iliyomlinda Liwali vizuri kama uamuzi ule, na uamuzi ulikuwa wa mchezaji mwenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa tiba ni huu: kwanza zamu, pili mahali, tatu wasaidizi wachache wenye kazi inayoonekana, na mwisho kabisa pointi za uhai. Waendeshaji wengi huanzia hapo pa mwisho, na hivyo ndivyo wanavyojiletea dalili inayofuata.

Kuna jambo moja la kuongeza kuhusu lichi. Akiuawa huku chombo kinachohifadhi roho yake kikiwa salama, hujipatia mwili mpya ndani ya siku ambazo idadi yake hutolewa na kete moja ya pande 10. Kwa mhusika wa namna hiyo, kufa raundi ya pili si hitilafu. Pambano lake halisi ni kukitafuta chombo. Ukiwa umemwandika hivyo, acha wamuue mapema, na siku ya nne awapelekee salamu.

Dalili: pambano haliishi, na watu wameanza kuangalia simu

Karibu kila mara chanzo ni kinga iliyo juu mno au pointi za uhai zilizoongezwa mara mbili. Piga hesabu. Mchezaji akihitaji 17 na kuendelea kwenye kete ya pande 20, ana namba nne tu za kumfaa kati ya ishirini, yaani asilimia 20. Watu watano wakipiga mara moja moja, wastani ni pigo moja linaloingia kwa raundi nzima. Wanne wamengoja zamu yao ili waambiwe wamekosa.

Mimi napenda wachezaji wahitaji 9 au zaidi dhidi ya mhusika mkubwa, asilimia 60. Shusha kinga ufike hapo, kisha pandisha madhara yake. Mapigo yao yataingia mara nyingi, lake likiingia litauma, na raundi nne zitatosha. Mpe pia hali ya kuacha kupigana. Wenye akili hawapigani hadi tone la mwisho. Jemadari mwenye mtoto nyumbani atajadiliana akibakiwa na theluthi ya nguvu zake. Andika namba hiyo pembeni ya jina lake kabla ya kikao, kwa sababu joto la pambano likishapanda utaisahau.

Dalili: wachezaji wanajaribu kila kitu na hakuna kinachoshika

Hapa hakikisha kwanza unacheza mchezo gani, maana dalili ni moja lakini vyanzo vinatofautiana kabisa.

Katika toleo la tano nililolitaja, nyongeza ya ujuzi, yaani namba inayoongezwa kwenye kete kwa jambo ambalo mtu analijua, huanzia +2 na kuishia +6 kutoka ngazi ya 1 hadi ya 20. Pengo ni dogo. Mtu wa ngazi ya chini bado anaweza kumgusa mkubwa, na wingi wa watu una uzito kuliko ngazi. Katika Pathfinder toleo la pili, lililotoka mwaka 2019, ngazi nzima huongezwa kwenye kete kwa jambo ambalo mtu ana ujuzi nalo. Tena, ukivuka namba inayotakiwa kwa 10 au zaidi, unapata ufanisi mkubwa zaidi, na ukipungukiwa kwa 10 unaanguka vibaya zaidi. Kwa hiyo kiumbe aliyewazidi ngazi nne anaepuka mapigo yao kirahisi, na kila akipiga ana nafasi kubwa ya pigo la kufisha. Kitabu chenyewe kinamweka kiumbe wa namna hiyo, akiwa peke yake, katika daraja la hatari kupita zote. Juu ya hapo, uchawi wa kulemaza hupoteza makali: mlengwa ambaye ngazi yake inazidi mara mbili ya daraja la uchawi huo hupandishiwa matokeo yake hatua moja kwa faida yake.

Mwendeshaji aliyetoka mchezo mmoja kwenda mwingine huja na mazoea yake. Aliyezoea wa kwanza atamweka adui mmoja aliyewazidi sana, kama alivyofanya siku zote, na kikundi kitagonga ukuta. Kwenye mchezo wa pili mimi huishia ngazi mbili juu yao, na nafasi iliyobaki naijaza kwa wasaidizi.

Ukishaondoa suala la mchezo, kagua orodha ya kinga maalumu. Moto haumdhuru, barafu haimdhuru, silaha za kawaida hazimdhuru, hashawishiki, haogopi, halali. Futa. Mbakishie mbili zenye maana kwa hadithi yake, kisha uandike udhaifu mmoja ambao wachezaji wanaweza kuugundua kwa njia mbili tofauti. Njia moja haitoshi, kwa sababu wataipita bila kuiona. Na wakiwa na wazo zuri ambalo hukuliwaza, likubali. Kama mchezaji amebeba kengele ya hekalu tangu kikao cha pili na anauliza kama sauti yake itamsumbua jini, jibu ni ndiyo, na umwambie ni kwa kiasi gani.

Dalili: "Kwa nini asifanye yeye mwenyewe?"

Swali hili huulizwa juu ya mhusika mkubwa aliye upande wao. Mchawi mkuu anayeruka nchi hadi nchi anawatuma wageni wanne wa ngazi ya 2 wakamtolee panya ghalani. Wachezaji si wajinga. Wanaona kabisa kwamba kazi hiyo ingemchukua dakika moja.

Chanzo ni kwamba hana mpaka ulioandikwa. Mipaka inayofanya kazi vizuri ni ya namna nne, na moja ikiwekwa kwa uaminifu inatosha. Kuna ya mahali: akitoka ndani ya mnara, kilichofungwa chini ya mnara kinafunguka. Kuna ya kiapo: aliahidi mbele ya mashahidi kwamba hatainua silaha dhidi ya ukoo ule. Kuna ya kuonekana: kila akitumia uchawi mkubwa, adui yake anajua alipo. Na kuna ya gharama: kila muujiza unamla mwaka mmoja wa umri. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote kwa sababu inaonekana kwa macho. Wachezaji wakimwomba msaada mara tatu, siku ya nne anawafungulia mlango bikizee. Baada ya hapo hawataomba ovyo tena, na hukuhitaji kuwakataza.

Kosa pacha la hili ni kumleta mkubwa wa kuwaokoa, kisha yeye na adui wakapigana huku wachezaji wakitazama. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika meza yetu nyasi ni watu waliotoka makwao kuja kucheza. Mwendeshaji anatupa kete dhidi yake mwenyewe kwa dakika ishirini. Ukilazimika kuwa na pambano kama hilo, ama limalize kwa sentensi mbili za masimulizi, ama wape wachezaji kete wamchezeshe mkubwa huyo, huku wahusika wao wakiwa na jambo la kufanya ambalo wao peke yao wanaliweza: kuufunga mlango, kuwatoa watu, kuiba ufunguo.

Dalili: hawamwogopi, wanamtania

Debe tupu haliachi kuvuma. Mhusika ametishia mara tano na mara zote tano hakuna kilichofuata. Au amesifiwa tu: kila mtu njiani anasema ni hatari, lakini hakuna aliyeumizwa mbele ya macho yao.

Weka nyayo zake kabla ya yeye mwenyewe. Daraja walilovuka juzi limevunjwa kutokea upande wa ndani. Muuza ramani aliyekuwa mcheshi sasa hataki kuwaangalia usoni. Barua waliyoituma inarudi haijafunguliwa, imewekwa kwa utaratibu juu ya mizigo yao, ndani ya hema walilokuwa wamelala. Hiyo ya mwisho haikuondoa pointi hata moja ya uhai, na niliona wachezaji watatu wakinyamaza kabisa.

Kisha mpe saa. Blades in the Dark, mchezo uliotoka mwaka 2017, ulieneza mbinu nzuri: unachora duara, unaligawa vipande vinne, sita au vinane, na kila tishio linaposogea unajaza kipande. Duara likijaa, jambo linatokea. Mbinu hii inaingia katika mchezo wowote. Andika juu yake kwa uwazi, "Liwali anaifunga njia ya maji", na uliweke mezani wanapoliona. Waendeshaji wengine huliweka siri, lakini mimi nimeona hofu ikikua zaidi pale wachezaji wanapokuona ukichukua kalamu. Sharti ni moja: likijaa, litimize. Ukilirudisha nyuma kwa huruma mara moja tu, hawataliamini tena.

Dalili: wamemvamia mtu wasiyemweza, na wote wamekufa

Pole. Hili huumiza pande zote, na kwa kawaida lawama hutupiwa wachezaji kwamba hawakuwa na busara. Mara nyingi si kweli. Walifundishwa na vikao vyote vilivyopita kwamba kila kilichowekwa mbele yao kinapigika, na onyo ulilolitoa lilikuwa ndani ya kichwa chako.

Sema namba. Najua inasikika kama kuvunja ladha ya hadithi, lakini pima gharama ya kutosema. Joka jekundu lililokomaa, katika toleo la 2014, hupumua moto wa kete 18 za pande 6, wastani wa pointi 63. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya afya ya +2, akichukua wastani wa kitabu kila ngazi, ana pointi 32. Akishindwa kujinusuru, ameanguka. Akifaulu, madhara yanakuwa nusu, 31, na anabaki na pointi moja. Ukimwambia mchezaji, "Moto ule ulioyeyusha lango, ukikupata na ukabahatika, utabakiwa na pointi moja", umempa taarifa ambayo mhusika wake, aliyeishi katika ulimwengu ule maisha yake yote, angekuwa nayo. Baada ya hapo wakiamua kwenda, wameamua wao.

Andaa pia kushindwa kusiko kifo. Mkubwa mwenye malengo ana matumizi mengi ya watu walioshindwa: atawafunga, atawatoza deni, atamwachia mmoja apeleke ujumbe. Joka lenye kiburi linahitaji mashahidi. Kuna michezo iliyojengwa juu ya wazo hili tangu zamani. Call of Cthulhu, ya mwaka 1981, haiwatazamii wachezaji wamuue kiumbe mkuu kwa bunduki. Ushindi ni kumzuia asiamke, na hata huo una bei yake.

Dalili: kila mara anatoroka, na wachezaji wamekasirika

Wana haki. Chanzo ni kwamba umempenda mno na unamkinga kwa kanuni unazozizua papo hapo. Mpe njia moja ya kutorokea, iandikwe kabla ya kikao, ionekane chumbani (pazia linalopepea ingawa hakuna dirisha, farasi aliyetandikwa uani), na impotezee kitu akiitumia. Wakiiziba, amekwama. Anakufa, na hadithi itapata mwingine: naibu wake, mdaiwa wake, mwanawe. Kikundi kilichomzidi akili mhusika mkubwa kikinyang'anywa ushindi wake, kitaacha kupanga mipango. Nimewahi kukiona kikundi kikifanya hivyo, na ilichukua miezi kurudisha imani.

Dalili: ana uchawi thelathini na ulitumia mmoja

Karatasi yake ni ndefu kuliko zamu yako. Chukua kadi moja, andika raundi tatu tu: ya kwanza anafanya hiki, ya pili hiki, ya tatu hiki, na kitu kimoja cha kufanya akibanwa. Chagua uchawi minne na mingine uisahau kwa usiku ule. Ukiwa na mchawi, pima umbali: katika toleo la 2014 uchawi wa kubatilisha uchawi wa mwenzio hufika futi 60, basi asimame futi 70 na uone tofauti. Kuna aina moja ninayokuomba uiache kabisa kwenye kadi, nayo ni neno la nguvu linaloua papo hapo yeyote mwenye pointi 100 au chini yake bila kete ya kujinusuru. Kanuni inaruhusu. Lakini mchezaji anapoteza mtu wake bila kushika kete, na mezani panakuwa kimya kisicho kizuri.

Ukigundua tatizo pambano likiwa limeshaanza

Sheria ninayoishika ni kwamba lililokwisha semwa kwa sauti halibadiliki. Ukishatangaza kwamba 16 inapata, 16 itapata hadi mwisho. Ukishasema anavuja damu, usimwongezee pointi kimyakimya. Unachoweza kubadilisha ni tabia yake. Anayekufa haraka mno anaweza kuita, kujadiliana, kurudi nyuma hadi chumba cha pili, au kumshika mtu. Anayeua haraka mno anaweza kuacha kupiga na kuanza kuongea, maana wenye nguvu hupenda kusikilizwa, na raundi moja ya maneno inampa mponyaji nafasi ya kumwinua mwenzake.

Ukiona hata hilo halitoshi, simamisha mchezo. Waambie, "Nimempima vibaya, tupumzike dakika tano." Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na wachezaji walinisaidia kumtengeneza pale pale. Mmoja wao ndiye aliyependekeza ile nguzo itoe vumbi kwanza.